Kikohozi cha Bi Mwanaidi

Naitwa Jafari. Nina miaka thelathini na tisa, naishi Likombe, pembeni kidogo ya mji wa Mtwara, na kazi yangu ni kurekodi muziki. Mlangoni pa chumba changu cha kazi nimebandika karatasi iliyoandikwa "Prodyuza na Injinia wa Sauti". Nyumbani hakuna anayeisoma. Mama yangu, Bi Fatuma, akisikia mgeni ananiita prodyuza, hugeuka kumtafuta huyo prodyuza amesimama wapi. Kwake yeye mimi ni fundi redio niliyeacha kujifunza katikati.

Simlaumu, maana ndivyo ilivyokuwa. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilipelekwa Mikindani kujifunza ufundi kwa Imtiaz. Babu zake Imtiaz waliuza vitambaa katika duka lile lile ambamo yeye aliuza redio, feni na spika. Pembeni alikuwa anakodisha vyombo vya muziki kwa ajili ya harusi, na mimi kazi yangu ilikuwa kubeba spika, kuunga nyaya na kusimama karibu na mashine kwa sura ya mtu anayejua anachofanya. Hiyo ya tatu niliimudu tangu wiki ya kwanza.

Mwaka wa pili binti yake Imtiaz, Samreen, akaolewa. Spika mbili kubwa tulizitoa barabarani ili mtaa mzima usikie dua. Dua ilipokwisha, nikaweka maikrofoni juu ya meza ya chakula ndani ya ua wa wanawake, nikatoka nje kwenda kuzitazama spika zangu. Sikuizima. Mezani pale alikuwa amekaa Bi Zainabbai, shangazi yake bwana harusi, mama mmoja mwenye maoni juu ya kila kitu.

"Hii pilau," mtaa mzima wa Mikindani ukasikia, "imepikwa na mtu aliyekasirika."

Watu wakasimama. Mimi nikadhani redio fulani imeingilia mitambo yetu na inarusha mchezo wa kuchekesha. Nikasogea kwenye mashine, nikaongeza sauti ili nisikie vizuri.

"Na bibi harusi mzuri, simsemi," sauti ikaendelea, sasa imetulia na ina nguvu. "Lakini huyu kijana wetu, kichwa kile jamani! Kile si kichwa, kile ni pakacha."

Bwana harusi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu.

Kesho yake asubuhi Imtiaz aliniita dukani. Nilikwenda nikijua nafukuzwa, na kweli nilifukuzwa, ila si kwa namna niliyotarajia. Alinitazama muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Jafari, miaka miwili umefanya kazi hapa. Ile ya jana ndiyo sauti safi kuliko zote ulizowahi kutoa. Kila neno lilisikika."

"Nisamehe, mzee."

"Sikusamehe leo. Labda mwakani. Lakini nenda katafute kazi ambayo watu wakisikia kila neno, hawagombani." Kisha akaingia nyuma ya duka, akatoka na mikseri ya zamani iliyojaa vumbi. Ilikuwa na njia nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa zinafanya kazi. "Chukua hii. Ukikaa nayo kwako, angalau haitakuwa harusini kwa mtu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye muziki.

Studio yangu ya kwanza ilikuwa chumba cha uani nyumbani kwa mama, na ndiyo hiyo niliyo nayo mpaka leo. Niliambiwa ukipiga trei za mayai ukutani, sauti ya nje haiingii. Nikapiga trei mia moja na kitu. Sauti ya nje iliendelea kuingia kama kawaida, ila sasa na mende waliingia, wakapata mahali pa kuishi. Nikajifunza kutengeneza biti kwa kompyuta niliyouziwa na mtu wa mnadani, biti za singeli zinazokimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Wimbo wangu wa kwanza wa maana niliurekodi na Mustafa, dereva wa bodaboda wa hapa Likombe, kijana mwenye mapafu ya ajabu. Tulirekodi mara moja tu, kwa sababu Mustafa alikuwa na abiria anamsubiri nje. Tulipousikiliza, tukagundua kwamba sekunde ya tano, kabla hajaanza kuimba, mama yangu ameingia ndani ya wimbo.

"Jafari, punguza hiyo!"

Nilitaka turudie. Mustafa akakataa, akasema abiria ameshapanda. Nikauachia wimbo hivyo hivyo, na miezi michache baadaye vijana wa Newala na Tandahimba walikuwa wanapiga kelele "Jafari, punguza!" kila biti inapoanza. Maprodyuza wa Dar huwalipa watu watengenezewe alama ya kujitambulisha kwenye nyimbo zao. Yangu niliipata kwa kumuudhi mama. Sokoni watu wasiomjua wakaanza kumwamkia "Shikamoo Mama Punguza," naye alirudi nyumbani siku moja akaniambia kwamba katika studio ile mtu mwenye jina ni mmoja, na si mimi.

Ningeishia hapo ningekuwa na heshima yangu ndogo. Lakini watu walianza kunisifu, nami nikawaamini. Nikanunua miwani myeusi ya kuvaa ndani ya nyumba. Nikaanza kusema maneno kama "mimi kazi yangu ni kuunganisha jadi na umeme". Sikuwa nimewahi kurekodi ngoma ya jadi hata moja. Jadi niliyoijua ilikuwa ya kupita karibu na ngoma nikiwa nimebeba spika.

Basi mwaka juzi, mwezi wa sita, nikapigiwa simu na mwanamke anayeitwa Beatrice, mwandaaji wa tamasha la muziki Dar es Salaam. Alikuwa anatafuta mtu wa Kusini anayechanganya muziki wa asili na wa kompyuta.

"Umewahi kufanya kazi na wapigaji wa vijijini?" akaniuliza.

"Dada, huo ni utafiti wangu wa miaka mingi," nikamjibu.

Mke wangu, Nasra, alikuwa anakuna nazi pale pale mlangoni. Aliacha kukuna. Nilipokata simu akaniuliza, "Utafiti gani, Jafari? Wa wapi?"

Yeye ndiye aliyeniokoa. Nasra ni wa Kitaya, kule mtoni Ruvuma, ambako ukisimama ukingoni unaiona Msumbiji na watu wake wanafua. Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, anaitwa Bi Mwanaidi, mkulima wa mihogo na korosho. Bi Mwanaidi ana kitu anachopiga tangu usichana wake: beseni la maji, na juu ya maji kibuyu kilichokatwa nusu na kufudikizwa. Anakipiga kwa vijiti viwili na kuimba. Nasra alisema alipokuwa mdogo watu walikuwa wanatoka vijiji vya jirani kuja kumsikiliza.

"Lakini usiende kumchezea," akaniambia. "Yule ni shangazi yangu."

"Mimi nimchezee? Mimi ni mtaalamu."

Nikaenda kwa pikipiki ya Mustafa, na mfukoni nina kinasa sauti kipya, kidogo kama kipande cha sabuni. Ulikuwa msimu wa kupuliza dawa kwenye mikorosho na kijiji kizima kilinuka salfa. Bi Mwanaidi alinipokea vizuri. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, anayesema polepole.

"Mkwe," akaniambia, "nitakupigia nyimbo utakazo. Lakini kuna mmoja naupiga mara moja tu, siurudii. Ukiisha nakuwa nimechoka moyo."

"Mara moja inatosha, Shangazi."

Akajaza maji, akapunguza, akaongeza kidogo, akanieleza kwamba maji yakizidi sauti inazama, yakipungua inalia kama debe. Nikavaa hedifoni. Nikamwomba apige kidogo ili nipime. Akapiga mara tatu: moja nzito ya katikati, moja nyepesi, moja ya ukingoni. Akauliza, "Unasikia, mkwe?" Upepo ukaleta salfa kutoka shamba la jirani, akakohoa mara mbili. Hayo yote nikayanasa vizuri sana. Nikazima, nikabonyeza tena, taa nyekundu ikawaka, nikamwashiria aanze.

Wimbo ule ulikuwa wa dada yake. Bi Mwanaidi ana dada mkubwa, Bi Hawa, aliyeolewa ng'ambo ya mto. Mama yao alipofariki, waligombania kinu chake cha mwembe. Hawa aliondoka nacho, akavuka nacho kwenye mtumbwi, lakini mchi ukabaki Kitaya. Miaka kumi na moja hawakutembeleana. Katika wimbo, Bi Mwanaidi anamwambia dada yake kwamba wewe una kinu na mimi nina mchi, kwa hiyo wote wawili tunalala na mahindi yetu hayajatwangwa. Nimeusema vibaya. Yeye alivyouimba, na yale maji yakiguna chini ya sauti yake, hata kuku waliacha kuparua.

Nilifumba macho. Nilikuwa nimeona kwenye picha kwamba maprodyuza wakubwa hufumba macho. Nikatikisa kichwa taratibu. Dakika saba nzima nilikuwa prodyuza mkubwa.

Nilipofumbua, Bi Mwanaidi alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikaangalia kinasa sauti. Taa nyekundu ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Mashine ile, ukiibonyeza mara moja inajiweka tayari tu, na taa inakonyeza kukukumbusha ubonyeze mara ya pili. Ilinikonyeza dakika saba. Haikuwa imenasa hata tone.

"Imetoka?" Bi Mwanaidi akauliza.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Nilikuwa na hedifoni shingoni na miwani myeusi kichwani.

"Imetoka safi, Shangazi," nikasema. "Safi kabisa."

Njiani kurudi Mustafa aliniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia nawaza mpangilio wa biti.

Nyumbani nilijifungia siku mbili. Nilichokuwa nacho ni mapigo matatu, "Unasikia, mkwe?" na kikohozi. Nikayakata mapigo, nikayapanga, nikayapandisha na kuyashusha mpaka yakafanana na mtu anayepiga. Wimbo niliukumbuka nusu. Nikauimba mwenyewe kwenye maikrofoni, kisha nikaiinua sauti yangu kwa kompyuta mpaka ikawa ya mwanamke, au angalau ikaacha kuwa ya mwanaume. Bado kulikuwa na pengo kila baada ya mapigo manane. Nikaweka kikohozi pale. Kikakaa kama kilizaliwa hapo.

Nikamsikilizisha Nasra. Alisikiliza huku amekunja uso.

"Shangazi ana mafua?" akauliza.

"Ni salfa."

"Na mbona sauti yake imekuwa hivi?"

"Ni maikrofoni mpya."

Beatrice alifurahi mpaka akanipigia usiku ule ule. Mwezi wa nane nikasimama jukwaani Dar es Salaam na kompyuta yangu, na mshereheshaji akanitambulisha kwa watu kama mlinzi wa sauti za mabibi zetu. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Hapo ndipo mtu angepaswa kuona aibu. Mimi sikuwa nayo. Kikohozi kilipoingia mara ya tatu, umati ukaanza kukohoa pamoja nacho. Mara ya tano walikuwa na mtindo wake: mabega mbele, kohoa, mabega nyuma, kohoa. Wiki mbili baadaye redio zilikuwa zinaupiga, na hakuna aliyeuita kwa jina nililoupa. Waliuita "Kikohozi". Vijana wakaurushiana kwenye simu, ukashuka Kusini, ukafika mtoni, ukavuka.

Mwezi wa tisa simu ikalia. Bi Mwanaidi.

"Mkwe, njoo."

"Kuna nini, Shangazi?"

"Njoo tu. Njoo na ile mashine yako."

Nilimwambia Nasra nina kazi nyingi. Akanijibu kwamba yeye hana, na kwamba tunakwenda wote. Alikuwa ameshafunga kanga.

Tulipofika uani kwa Bi Mwanaidi tulimkuta mama mwingine, mnene, mkubwa kwake kidogo, amekaa kwenye mkeka anachemsha majani kwenye sufuria. Nasra alisimama ghafla, akaweka mkono mdomoni. Kisha akaenda kupiga magoti.

"Shikamoo, Shangazi Hawa."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa, alhamdulillahi." Bi Hawa akanigeukia. "Na huyu ndiye wa mashine?"

"Ndiye," akajibu Bi Mwanaidi, bila kunitazama.

Bi Hawa akanieleza mwenyewe jinsi alivyofika. Kule ng'ambo, mjukuu wa jirani alikuwa anapiga wimbo kwenye simu, watoto wanacheza na kukohoa. Akasikia mapigo ya kibuyu, akajua ni ya mdogo wake. Mapigo yale matatu angeyajua hata usingizini. Kisha akasikia kikohozi. Akakaa, akausikiliza wimbo mzima, na kikohozi hakikwisha.

"Nikasema, jamani, mdogo wangu anakohoa hata anapoimba. Kifua hicho hakiponi. Huyu anakufa." Akavuka siku iliyofuata na kapu la samaki wakavu, dawa ya kuchua, majani ya kuchemsha, na sanda. "Mita saba," akasema. "Nilijiambia, kama sitaihitaji, basi."

"Ndiyo neno lake la kwanza alipofika," akasema Bi Mwanaidi. "Mimi natoka shambani na mzigo wa kuni kichwani, naye yuko mlangoni na sanda."

"Na la kwako la kwanza lilikuwa lipi?" akajibu Bi Hawa. "Miaka kumi na moja hujaniona. Ukaniuliza, kinu kiko wapi!"

Nasra akaanza kucheka. Mimi nikacheka pia, kidogo, nikidhani mambo yamekwisha vizuri. Bi Mwanaidi akaniashiria nikae.

"Uweke huo wimbo, mkwe. Tuusikie pamoja."

Nikauweka kwenye spika yangu ndogo. Tukausikiliza sisi wanne, mpaka mwisho. Sijawahi kusikia wimbo mrefu namna ile, na una dakika tatu.

"Huyu anayepiga ni nani?" akauliza Bi Mwanaidi.

"Ni wewe, Shangazi."

"Mimi nimekohoa mara mbili. Hapa nimehesabu thelathini na sita. Na zote zimelingana. Mtu gani anakohoa kwa mpangilio hivi?"

Nikaanza kuipangusa spika vumbi.

"Na huyu anayeimba? Maana hii si sauti yangu. Huyu ana sauti ya mbuzi aliyefungwa juani."

Nasra alikuwa ananitazama. Nilijua kwamba alijua tangu siku ya kwanza, na kwamba alikuwa ananisubiri.

"Huyo mbuzi ni mimi, Shangazi," nikasema.

Nikaeleza yote: taa iliyokonyeza, macho niliyofumba, siku mbili za kujifungia. Nilipofika kwenye kupandisha sauti yangu iwe ya mwanamke, Bi Hawa alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akakohoa kweli, na Nasra akaenda kumletea maji. Bi Mwanaidi hakucheka.

"Wimbo ule nilikuwa namwimbia huyu," akasema. "Miaka yote hiyo. Wewe ukampelekea kikohozi."

"Lakini amekuja, Shangazi," nikasema. Nikaona nimepata pa kutokea.

"Amekuja kunizika. Hajaja kunisikiliza."

Nilivua miwani, nikaitia mfukoni, na tangu siku ile sijui ilikwenda wapi. Nilitamani anifukuze tu nirudi nyumbani. Badala yake aliingia ndani, akatoka na beseni na kibuyu, akamimina maji, akapima kwa kiganja.

"Siurudii wimbo huu," akasema, "ila wewe hukuunasa na huyu hakuusikia, kwa hiyo leo si kurudia. Lete mashine yako. Nionyeshe unabonyeza wapi."

Nikamwonyesha. Akaiweka mbele yake juu ya kigoda. Akabonyeza. Taa ikakonyeza. Akaitazama, akanitazama mimi, akabonyeza mara ya pili. Taa ikatulia.

"Sasa nyamazeni."

Akapiga. Safari hii sikufumba macho. Aliimba akiwa amemwelekea dada yake, na Bi Hawa aliacha kuchochea majani yake, akaweka mikono mapajani. Kinu na mchi, mahindi yasiyotwangwa, mto uliokauka mpaka mtu avuke kwa miguu na bado havuki. Kwenye ubeti wa tatu ikatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Bi Hawa akaitikia. Sauti yake nzito, ya chini, imekwaruza. Akaimba kwamba kinu hakipo. Kinu kililiwa na mchwa mwaka wa nne, upande wa chini, hakuna aliyeona mpaka siku kilipopasuka kikitwangiwa. Akaimba kwamba alikichoma kama kuni, akapikia uji, akalia, na kwamba tangu hapo si hasira iliyomzuia kuvuka bali aibu, atamwambiaje mdogo wake.

Vijiti vya Bi Mwanaidi vilisimama. Kibuyu kikaelea peke yake, kikizunguka polepole ndani ya beseni. Kwenye rekodi unakisikia kikigusa ukingo. Nilijua kwamba kama prodyuza ninapaswa kufanya jambo fulani, na sikulijua, kwa hiyo nilikaa kimya. Kisha akaanza tena, mapigo mepesi, na kumalizia wimbo kwa maneno mapya. Alisema mchwa wameonyesha akili kuliko sisi.

Alipomaliza akabonyeza mwenyewe kuzima.

Sitaki kudanganya tena, kwa hiyo niseme na hili: siku ya tatu waligombana upya, juu ya chumvi kwenye kisamvu, na Bi Hawa akavuka mto amenuna. Lakini baada ya mwezi akarudi, na sasa huenda na kurudi, na sanda ile waliikata wakatengeneza mashuka mawili. Kila mmoja anadai la mwenzake ni kubwa.

Beatrice nilimpigia wiki ile ile nikamwambia ukweli.

"Kwa hiyo ile sauti ni yako?"

"Ni yangu."

"Jafari, ninakuomba kitu kimoja. Usiimbe tena." Kisha akaomba nimtumie rekodi ya kweli. Aliitangaza kwa majina ya dada wawili, na jina langu akaliweka mwisho, kwa herufi ndogo, kama aliyebeba vyombo. Redio moja iliupiga Jumapili asubuhi, wimbo mzima, dakika tisa. Msikilizaji mmoja akatuma ujumbe kuuliza kama wanaweza kuweka ule mwingine, wenye kikohozi. Ilipotangazwa Kitaya kwamba wale dada wamealikwa kwenye tamasha Dar, Bi Mwanaidi alisema atakwenda baada ya kuvuna, kama atapata mtu wa kuangalia kuku.

Mimi bado natengeneza singeli. Mustafa ana wimbo mpya na abiria wale wale wasiosubiri. Lakini wiki moja kila mwezi natoka na kinasa sauti. Mwezi uliopita nilikuwa pwani ya Msimbati, na akina mama wanaochokoa pweza na kuokota chaza maji yakitoka. Huwa wanaimba wakiwa wameinama, kila mmoja mahali pake, na sauti zinakuja kutoka pande zote za mwamba. Mmoja wao, Mwanahawa, alinionya niwe nyuma yao. Mimi nikatangulia ili nipate sauti nzuri, nikakanyaga chaza, nikachanika unyayo. Katika rekodi ile kuna wimbo mzuri mno kwa dakika mbili, kisha upepo, kisha mimi nikimwita mama yangu. Wamesema bamvua linalofuata, maji yanapokupwa sana, ni Alhamisi, nirudi, na nije na viatu.